Mama anacheza gemu la simu mpaka usiku wa manane, nimelifuta na sasa hataki mazungumzo na mimi

SWALI

Anti shikamoo. Mimi ni mdada wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Tabata. Naomba usiandike jina langu mana mashangazi zangu wanaisoma sana safu yako na wakijua nimemleta mama huku itakuwa kesi nyingine.

Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa tano kule Tanga. Aliumwa wiki tatu hospitali na mama ndo alikuwa anamuuguza, sisi watoto tulikuwa tunapishana tu wikiendi mana kazi zinabana. Ile siku yenyewe mama alikuwa naye peke yake wodini, akanipigia simu saa tisa na dakika chache usiku, nilivyoona tu jina lake kwenye kioo nikajua. Tukaenda tukazika, mama akakaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi. Mwanzoni nyumba ilikuwa inajaa watu, baada ya arobaini wakapungua, ikabaki yeye na mwanangu mkubwa wa miaka 13 ambaye nilimpeleka akae na bibi yake likizo. Huyu mtoto ndo akamwekea gemu kwenye simu, lile la matofali, unayapanga mstari ukijaa yanapasuka yanatoa sauti ting ting. Tulicheka, tukasema afadhali kapata cha kumchangamsha.

Eda ilivyoisha nikamchukua aje akae kwangu, tukapangisha ile nyumba. Anti, ndo nikaanza kuona mambo. Huyu mama miaka yote alikuwa anaamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua, katusomesha wanne kwa vitumbua, sijawahi kumuona kakaa kitako mchana hata siku moja. Leo hii ni simu asubuhi, simu akishaswali, simu chakula kiko mezani kinapoa. Ukimuongelesha anakuitikia "ee" macho yako hukohuko. Usiku nikiamka kwenda chooni naona mwanga chini ya mlango wake, saa nane, saa tisa, nasikia ting ting. Jirani alikuja kumsalimia akamkuta kainamia simu, akacheka akasema "kumbe na bibi yumo", nilijisikia vibaya sana. Mume wangu hajasema kitu, yeye jioni yuko zake kijiweni kwenye drafti, ila najua anaona. Bando nalo naweka la wiki linakata siku ya nne.

Nikaanza kusoma mitandaoni habari za uraibu nikaogopa. Sasa mwezi uliopita Jumamosi moja mama yuko bafuni nikachukua simu yake nikalifuta. Nilijua atauliza afu ndo tutaongea vizuri. Hakuuliza Anti. Alikaa kwenye kochi akawa anapitisha kidole kwenye simu ukurasa mmoja baada ya mwingine anatafuta, alivyoona halipo akasema tu "nilikuwa nimefika mia nne na kumi na mbili", akanyanyuka akaenda kulala bila kula.

Leo wiki ya tatu. Tunasalimiana, nikimtuma mtoto ampelekee chai anapokea, ila mazungumzo hamna. Na kinachonichanganya zaidi ule mwanga chini ya mlango bado upo. Gemu hamna, simu kaiweka juu ya kabati haigusi, lakini usiku taa inawaka na hakuna sauti yoyote.

Anti, nilikosea? Na hivi mtu wa miaka 61 anafuata nini kwenye gemu la kitoto namna ile? Nimsaidieje?

Mtoto wa Tanga, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa baba. Najua ni mwaka sasa lakini msiba wa mzazi hauna tarehe ya kuisha, poleni.

Kwanza nikujibu ulichouliza, ndiyo, ulikosea. Mama yako ni mtu mzima, simu ni yake, na ulisubiri aingie bafuni. Ungekuwa unaona ni jambo la haki ungelifanya yeye akiwa amekaa hapo. Hilo utalirekebisha, lina njia yake, nitafika huko.

Ila kuna kitu kingine kwenye barua yako kimenishika na sijui kama ulikiona wakati unaandika. Umesema simu ya mama iliingia saa tisa na dakika chache usiku. Afu mbele kidogo unasema ukiamka unaona mwanga chini ya mlango saa nane, saa tisa. Umeandika yote mawili kwa mkono wako mwenyewe. Mama yako alikuwa peke yake wodini saa ile, na mpaka leo saa ile inamkuta macho. Na umeshapata jibu bila kujua, mana gemu ulilitoa na usingizi haukurudi, taa bado inawaka. Kwahiyo gemu halikumnyima mama usingizi, usingizi ulishaondoka kitambo, gemu lilikuta nafasi iko wazi likakaa. Wewe umeondoa ile ting ting ukamwachia ule usiku wote mtupu.

Unauliza anafuata nini. Ngoja nikueleze ninavyoelewa mana hili swali naletewa sana, wake kwa waume zao, wazazi kwa watoto, bosi kwa wafanyakazi, na wengi wanaanza kwa kuuliza gemu lenyewe lina nini. Mimi huwa nauliza anacheza saa ngapi na kabla ya hapo saa hiyo alikuwa anaifanyia nini. Kuna mlinzi kwenye jengo moja mtaani kwetu, usiku ukipita unamkuta na simu anapanga zile karata za mtu mmoja, nikamuuliza akaniambia redio inamlaza, gemu linamshika macho. Muuza duka saa nane mchana jua kali hakuna mteja, dereva wa bodaboda kijiweni hajapata abiria, mtu kwenye benchi la hospitali namba yake 87 na ndani wako kwenye 31, watu kwenye daladala foleni haisogei. Hao wote hawakuamka asubuhi wakasema leo nataka nicheze gemu. Wana muda ambao sio wao, hawawezi kuondoka na hawana cha kufanya, na mkononi wana simu.

Na hii haijaanza na simu za tachi. Nokia waliweka gemu la nyoka kwenye simu mwaka 1997, alilitengeneza Mfini mmoja anaitwa Taneli Armanto, na huku kwetu wengi tulikutana na huyo nyoka kwenye ile ya tochi, Nokia 1100 ya mwaka 2003. Nakumbuka wazee wenye heshima zao kabisa, wamevaa kanzu, wanasubiri gari stendi huku wanamlisha nyoka. Kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000 kulikuwa na gemu linaitwa Bantumi, ukilifungua unakuta ni jamii ya bao, kete na mashimo, mtu anacheza bao na simu yake. Hata kompyuta za ofisini, zile karata za Solitaire ziliwekwa kwenye Windows mwaka 1990 na moja ya sababu ilikuwa watu wazoee kushika mausi na kuburuta vitu, watu wakazoea kweli, na mausi walishajua wakaendelea kucheza.

Sasa nikwambie kitu kuhusu mume wako na drafti. Sina neno naye, drafti ni kitu kizuri, bao ni kitu kizuri zaidi, kete 64 mashimo 32, kuna watu Unguja wamekaa barazani na bao miaka hamsini na ukimuona ananyanyua kete anafikiria unaona kabisa hapo kuna akili inafanya kazi. Lakini umeandika drafti ya mume wako kwa mstari mmoja na umepita, afu gemu la mama yako umeliita la kitoto. Mwanaume akicheza mpaka saa mbili usiku anaitwa yuko kijiweni. Mama yako kwa miaka hiyo yote alikuwa na kijiwe gani? Alikuwa na jiko. Wanawake wa pwani waliopata muda wa kukaa walikaa na ukili mkononi, wanasuka huku wanaongea, au wanashona kofia, tundu moja moja, na yeyote aliyewahi kusuka ukili anajua mikono ikishazoea kichwa kinapumzika, unaweza ukakaa na huzuni yako hapohapo pembeni na isikumalize. Mimi nikisikia habari ya matofali yanayopangwa mstari ukajaa, naona ukili. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kuongea.

Na hebu hesabu alivyopoteza. Mume. Nyumba mmepangisha. Kazi, mana hapo kwako Tabata hana jiko lake, hana wateja, hana mtu anayemsubiri alfajiri na sahani. Nia yako ilikuwa njema kabisa ya kumpumzisha, lakini mikono ya mtu aliyechoma vitumbua maisha yake yote haijui kupumzika, inatafuta. Ndo mana ile 412 ilimuuma. Kila kitu kwenye nyumba hiyo ni chako na mumeo, ile namba ilikuwa yake, kaijenga kuanzia eda, tofali kwa tofali.

Magemu haya yanashika kwasababu yamepimwa. Unaanza bila kufundishwa, hakuna wa kukuzomea, ukikosea unaanza upya, na kila dakika mbili tatu kuna kitu umekimaliza. Kwa mtu ambaye siku yake nzima haina kinachoisha, huzuni haiishi, mchana hauishi, kumaliza kitu hata kidogo ni pumzi. Afu ukikosea umebakiza tofali moja tu, kichwa hakikubali kukiacha. Kuna mwanasaikolojia mmoja, Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alionyesha kwamba watu wanakumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko waliyoimaliza, na gemu linakuacha makusudi na kitu nusu, ndo ile "hii moja tu nalala" inazaa nyingine kumi. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri na wengine linawasumbua, kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, alitengeneza Flappy Bird mwaka 2013, likawa linachezwa dunia nzima na linamwingizia hela nyingi, Februari 2014 akaliondoa mwenyewe, akasema alilitengeneza watu wacheze dakika chache wakipumzika lakini limekuwa uraibu.

Kwahiyo hofu yako haikutoka hewani. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha ilipitishwa 2019 na imeanza kutumika 2022. Ila soma wanavyosema: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limepita mbele ya mambo yake mengine yote, anaona linamharibia maisha na bado anaendelea, na kwa kawaida hali iwe imekaa kama miezi 12. Mama yako umemfutia gemu, hajatukana, hajakopa simu ya mtu, hajamwambia mjukuu amrudishie kwa siri, kaweka simu juu ya kabati. Mimi sio daktari lakini teja simjui hivyo. Naona mtu aliyenyang'anywa kitu akanyamaza.

Na kuna jambo moja nataka ulijue kuhusu matofali hasa. Hayo magemu ni kizazi cha Tetris, aliyoitengeneza Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984. Watafiti pale Oxford walichukua watu walioletwa hospitali wakiwa wametoka kwenye ajali za gari, wengine wakachezeshwa Tetris kama dakika 20 ndani ya masaa sita tangu ajali, majibu yalitoka 2017, waliocheza wiki ile picha za ajali ziliwarudia mara chache kuliko ambao hawakucheza. Maelezo yao ni kwamba sehemu ya kichwa inayoshika picha inakuwa imejaa matofali, picha mbaya inakosa pa kukaa vizuri. Wale walicheza siku ileile na mama yako ni mwaka mzima, sikwambii gemu ni dawa ya msiba. Lakini mtu aliyekaa pembeni ya kitanda usiku ule, anayefumba macho na kuona kile kitanda, akiona matofali anapumua kidogo, nani hapo amekosea?

Sasa la kufanya. Usianze na gemu. Anza na ule usiku. Kwenye barua nzima hakuna mahali umesema mama amewahi kukusimulia ilikuwaje, na nahisi hamjawahi kumuuliza, mlifika mkazika, wageni, arobaini, eda, kila mtu akarudi kazini. Ukiamka tena na ukaona mwanga, gonga. Mwambie mama nimeona taa nikaona nije tukae. Usiingie na maswali. Ingia na chai, kaa kitandani miguuni pake, akinyamaza nyamaza naye. Anaweza asiseme siku ya kwanza wala ya pili. Siku akisema usimkatishe kwa "Mungu ndo kapanga mama", anajua Mungu kapanga, anataka mtu asikie marehemu alisema nini na nesi alichelewa vipi na yeye alishika mkono gani.

Afu omba msamaha, kwa maneno yenyewe, "mama nilifuta gemu lako bila kukuuliza, nisamehe". Na umwambie ukweli kwamba 412 huenda hairudi, mana magemu mengi ya hivi yanahifadhi kwenye simu yenyewe, kama halikuunganishwa na akaunti ukilifuta limeondoka na kila kitu. Usimdanganye kwamba litarudi.

Akitaka kuwekewa tena awekewe. Bando lako linaliwa na matangazo zaidi kuliko gemu, matofali mengi yanachezeka bila intaneti, afunge data akicheza, bando litakaa na yale matangazo ya kukatiza katiza yatapungua. Hilo la matangazo lizingatie kweli, mana mengine yanamvuta mtu kwenye kubeti na kwenye mikopo ya simu, na hiyo ni habari nyingine kabisa, gemu la kupanga matofali halichukui hela ya mtu ila la kubeti limefanywa lichukue. Mweleze kwa heshima asibonyeze, namba yake ya siri ya pesa asiiweke popote, mama mfanyabiashara huyo atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Zima zile taarifa zinazoita "rudi ucheze". Wakati wa chakula ombeni simu zote zikae pembeni, yako na ya mumeo pia, msimtenge yeye tu.

Usingizi usiuache hivihivi. Mwaka mzima kukesha kwa mtu wa miaka 61 sio kitu cha kuzoea, presha inapanda, mpeleke akapimwe na mwambie daktari wazi kwamba amefiwa na halali, wasije wakampa tu vidonge vya kulala mkarudi nyumbani. Akianza kukataa kula kabisa au kusema maneno ya kutaka kumfuata marehemu, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Na muulize kuhusu vitumbua. Muulize tu, usimwambie afanye. Kilo moja ya mchele Ijumaa usiku iloweke, uone Jumamosi alfajiri nani anaamka wa kwanza. Akisema amechoka na vitumbua muache, ametosha.

Gemu lenyewe wewe usimwekee. Muache mwanao, yeye ndo alimfundisha kule Tanga wakiwa wawili tu ndani ya nyumba. Wewe vuta kiti ukae karibu, muombe akuonyeshe yale matofali yanapangwaje, na umuangalie anavyoanza namba moja.